Vyandarua vya Kamanyola Tuvitoe Bure

"Kitu cha bure watu hawakithamini." Maneno hayo yalisemwa Jumapili katika mkutano wa muso yetu, kikundi chetu cha kuweka akiba na kusaidiana hapa Bukavu, na aliyeyasema ni Papa mmoja ninayemheshimu sana. Karibu wote wakaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo sijatulia.

Tulikuwa tunazungumzia vyandarua. Kese nyekundu, yaani mfuko wetu wa kusaidiana wakati wa shida, imebaki na pesa kidogo, maana mwaka huu wagonjwa na vilio havikuwa vingi, na mama anayetutunzia pesa akaleta wazo zuri: tununue vyandarua vyenye dawa, tuwapelekee jamaa zetu walio chini uwandani mwa Ruzizi, Kamanyola na Luvungi. Kila mtu alifurahi. Ndipo Papa akasema tusiwagawie hivi hivi, tuwauzie franka elfu moja kimoja, ili wapate uchungu navyo na wavitunze.

Mimi nasema hapana, na naomba wenzangu mnisome kabla hatujapiga kura.

Nyumba ya watu sita inahitaji vyandarua vitatu. Elfu moja imeshakuwa elfu tatu. Mama anayelima mpunga katika shamba la mtu mwingine hashiki elfu tatu kila siku, na siku akizishika kuna unga, kuna ndagala (dagaa), kuna daftari la mtoto. Njaa ya leo inamdai leo. Homa ya mwezi ujao bado haijabisha hodi. Mkimwona ameacha chandarua mezani msiseme hajali watoto wake.

Na jambo hili lilishapimwa. Magharibi mwa Kenya, watafiti wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walichukua vituo vya afya wanakokwenda wajawazito wakavipangia bei kwa bahati nasibu: vingine vikatoa chandarua bure, vingine vikauza, bei ya juu kabisa ikiwa shilingi 40 za Kenya, yaani kama senti 60 za dola. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Bei ilipofika shilingi hizo 40, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Katika kila wanawake 100 waliokuja kliniki, 60 ambao wangekibeba bure walirudi nyumbani bila kitu. Senti 60 tu! Na wale waliolipa, walipofuatwa nyumbani, hawakuonekana kukitumia zaidi ya waliopewa bure. Hoja yote ya Papa imesimama juu ya imani kwamba anayelipa ndiye anayetumia, na huko walikopima hawakuliona hilo. Dupas aliendelea baadaye na utafiti mwingine, tena Kenya, akakuta kwamba waliowahi kupata chandarua kwa bei ya chini kabisa au bure walikuwa tayari zaidi kununua cha pili. Walikuwa wamelala ndani yake, wakaona faida.

Kuna jambo jingine ambalo katika mkutano halikuguswa kabisa. Chandarua chenye dawa hakimzuii mbu tu, kinamuua. Mbu aliyekufa kwangu hatamuuma mtoto wa jirani. Huko Asembo, Kenya hiyo hiyo, utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba hata nyumba zisizo na vyandarua zilipata kinga zikiwa ndani ya mita 300 kutoka nyumba zilizo navyo. Lakini kinga hiyo inataka vyandarua viwe vingi kijijini. Tukiweka bei, atachukua mwenye duka na mwalimu, kisha nyumba kumi zitarukwa mpaka ifikiwe nyingine. Tutakuwa tumewapokonya hata wale waliolipa.

Binamu yangu mmoja anakaa uwandani. Alipokuwa mjamzito, kituo alichokuwa akienda CPN, yaani kliniki ya wajawazito, kilimwomba pesa kidogo "ya karatasi" kabla ya kumpa chandarua ambacho kwa sheria ni cha bure. Hakuwa nayo. Akasema atarudi. Mtoto alipofikisha miezi minane alishikwa na malaria mpaka damu ikamwishia, ikabidi aongezewe. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini deni la hospitali liliwala mbuzi wote wawili wa baba yake. Sisi wa Bukavu malaria tunaijua, ila mlima na baridi hutusaidia. Ukishuka mteremko wa Ngomo ukakuta joto na maji ya mpunga kila upande, unaelewa kwamba mbu wa kule ni habari nyingine.

Nakubali kwamba wapo wanaotumia vyandarua kuvulia samaki, na wapo wanaozungushia miche ya kabichi. Vingi nilivyoviona bustanini vilikuwa vikuukuu, vimetoboka, vimeshamaliza miaka yao mitatu. Nakubali pia kwamba mbu wa sehemu nyingi wameizoea dawa ya zamani, kwa hiyo tuulize zoni ya afya, yaani ofisi ya afya ya eneo lile, aina gani inafaa kule kabla hatujalipa mtu yeyote.

Lakini fikirini hili. Nchi yetu ni ya pili duniani kwa malaria, nyuma ya Nigeria. Mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, na kama mmoja katika kila tisa alikuwa wa Kongo. Zaidi walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwingereza Rob Mather alianzisha shirika la Against Malaria Foundation, na watu wasiojua Kamanyola iko wapi wanalipelekea pesa, dola mbili, dola kumi, na vyandarua vinagawiwa bure hapa hapa Kongo. Mgeni anatoa bila kudai kitu. Sisi tunaowaita watu hawa shangazi na mjomba, tuwasimamishe mstari tuwatoze?

Kama tunaogopa kese itakauka, tupandishe kotizasio (mchango) yetu kwa franka mia tano kila mkutano hadi Krismasi. Kama tunaogopa vitauzwa sokoni, tutoe vifuko kabla ya kugawa, tuandike jina la kila nyumba kwa kalamu isiyofutika, na tuwaombe wareko, wahudumu wa afya wa kujitolea, wa kila kijiji waingie nasi nyumbani kuvitundika. Misumari na kamba nitatoa mimi.