Siku Nilipoidai Italia

Jumapili asubuhi nilikwenda soko la Porta Portese, Roma, kutafuta sufuria. Nikarudi naidai serikali.

Mzee mmoja muuza makaratasi alikuwa ametandaza hatifungani za zamani, hati za mkopo wenye riba, meza nzima. Nikaivutia kwangu moja: Prestito del Littorio, 1926, lire 100, riba 5%. Ni mkopo ule wa serikali ya Mussolini, dikteta wa Italia wakati huo. Watu walikuwa na hati za hazina za muda mfupi, wanangoja kulipwa fedha zao, wakageuziwa karatasi hii bila kuulizwa. Mzee alitaka euro 20, nikamshusha hadi 15. Akawa anagonga ukingo wa hati kwa kidole: "Con le cedole! Con le cedole!"

Kitaliano changu ni cha kwenye basi, lakini hilo nililipata. Ina kuponi zake. Vipande vidogo kama stempu, safu kwa safu. Zamani mwenye hati alikata kimoja kila miezi sita, akaenda kuchukua riba. Hizi zilikuwa bado zimo. Kumbe kuna watu hawajalipwa!

Usiku nikapiga hesabu, riba juu ya riba, karibu miaka mia. Nikampigia mjomba, Tanga.

"Shikamoo mjomba. Naidai serikali ya Italia."

"Marahaba. Wenyewe wanajua?"

Jumatatu nikachukua mkasi wa kucha wa mke wangu, nikakata kuponi moja moja, ulimi nje kama mtoto wa chekechea, nikazitia kwenye bahasha. Safari ya benki.

Karani alizipokea kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa jino la mtoto wa jirani. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita bosi. Wakanieleza polepole kwamba madai hayo yalikwisha kufa zamani, na lira yenyewe iliondoka mwaka 2002, euro moja kwa lire 1,936.27. Karani, kwa huruma tu, akaniandikia hesabu: hati nzima, senti tano. Kuponi moja ni lire mbili na nusu, hivyo kupata senti moja zinatakiwa nane. Nauli yangu ya basi ilikuwa euro 1.50. Kuponi zaidi ya 1,100, na kurudi bado.

Mjomba hakukata tamaa. "Hata senti tano ni deni. Usiwaachie."

Jumapili iliyofuata nikairudisha hati kwa yule mzee, angalau anipe hata kumi. Kuponi nilikuwa nimezirudisha mahali pake kwa selotepu, nyingine juu chini. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akapitisha kidole juu ya selotepu taratibu. Kumbe alichokuwa ananiuzia ni zile kuponi kutokatwa.

Akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna watoto.

"Wawili," nikasema. "Watundu balaa."

Sina mtoto.