Mchezo wa kufuata seli za ubongo, na haki ya anayeucheza

Miaka kadhaa iliyopita, katika chumba cha kompyuta cha skuli moja ya sekondari karibu na Chake Chake, nilikaa nyuma ya mpwa wangu nikimtazama akicheza mchezo uitwao EyeWire. Kwenye skrini palikuwa na mchemraba, na ubavuni mwake picha ya kijivu iliyojaa michirizi myeusi. Kipande kimoja kilikuwa kimeshatiwa buluu na kompyuta. Kazi yake ilikuwa kushuka picha moja baada ya nyingine, akiangalia kama ile buluu inaendelea au imegota kwenye utando mweusi unaotenga seli na seli, na kubofya kila inapoendelea. Mahali pamoja alisita sana, akarudi juu picha tatu, akashuka tena, ndipo akabofya. Nilimkumbuka bibi yetu akisuka ukili, macho yake yakiufuata ukindu mmoja wa rangi unavyozama chini ya wenzake na kuibuka mbele.

Walimu wawili waliokuwapo walitofautiana. Mmoja alitaka mchezo huo uwe sehemu ya klabu ya sayansi kila wiki. Mwenzake alisema kwamba watoto wetu wanafanyishwa kazi ya bure na vyuo vikuu vya Marekani, kwa kifurushi cha intaneti kinacholipwa na mwalimu mwenyewe. Hoja zote mbili zina uzito, na tangu siku ile nimekuwa nikizipima.

Tuanze na kazi yenyewe. EyeWire ilizinduliwa mwaka 2012 na maabara ya Sebastian Seung, wakati huo akiwa chuo cha MIT, ili kuchora seli za neva za retina ya panya, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kutokana na picha za hadubini ya elektroni. Kompyuta iliweza kutambua vipande vingi, lakini ilikosea pale tawi linapokuwa jembamba au utando unapofifia, na hapo ndipo jicho la mtu lilipohitajika. Mchemraba mmoja hupewa watu kadhaa, na kinachokubaliwa ni kile ambacho wengi wao wameafikiana, kwa hiyo kosa la mtoto mmoja wa Pemba haliharibu ramani. Mwaka 2014 jarida la Nature lilichapisha matokeo ambayo wachezaji walitajwa kwa pamoja miongoni mwa waandishi wake. Matokeo hayo yalihusu swali ambalo kila aliyewahi kumwona paka akimvizia mjusi anaweza kuliuliza: jicho linajuaje kitu kinaelekea wapi? Ramani ilionyesha kuwa katika seli fulani zenye umbo la nyota, aina ya seli zinazoleta ishara taratibu huungana karibu na kiini cha nyota, na aina inayoleta ishara haraka huungana mbali zaidi kwenye matawi. Kitu kikienda kutoka kiinini kuelekea nje, ishara iliyochelewa na iliyowahi hukutana kwa pamoja na tawi huitika kwa nguvu. Kikija upande wa pili, ishara hizo hupishana. Mimi naona hili ni jambo zuri kupita kiasi, na linaweza kuelezwa kwa mwanafunzi wa Kidato cha Pili kwa vijiti na mchanga.

Wapo wanaosema kwamba ubongo wa panya au wa nzi haumhusu Mzanzibari. Hoja hiyo siikubali. Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o mwaka 1997, baada ya madume waliotasishwa kwa mionzi kumwagwa kwa ndege, na mpango huo ulifanikiwa kwa sababu watu walikuwa wameichunguza kwa makini tabia ya mdudu mdogo, hasa kwamba jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu.

Hoja ya kazi ya bure ndiyo nzito, na inazidi kuwa nzito kadiri mashine zinavyoendelea. Mwezi Oktoba 2024 mradi wa FlyWire, unaoongozwa na Mala Murthy na Seung huko Princeton, ulitoa ramani kamili ya ubongo wa nzi wa matunda aliyekomaa: seli za neva 139,255 na maungano takriban milioni 50. Akili mnemba ndiyo iliyofanya kazi ya awali, kisha watafiti na watu wa kujitolea wakasahihisha makosa yake, kazi iliyokadiriwa kuwa ya zaidi ya miaka 30 kama angeifanya mtu mmoja. Kila sahihisho la aina hii linaweza pia kutumika kuifundisha mashine ili kesho imhitaji mtu kidogo zaidi. Na kwa kuwa ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, hakuna anayedhani utachorwa wote kwa kubofya. Mchezaji wa leo, basi, anajenga ngazi ambayo mwenyewe huenda asiipande.

Hata hivyo, sidhani kwamba dai la msingi ni malipo. Watu wetu hujitolea kila siku, iwe kuchimba msingi wa madrasa au kusafisha kisima, bila ya kujiona wamedhulumiwa, kwa sababu maji ya kisima wanayanywa wao. Yanayonitia wasiwasi ni mengine mawili. La kwanza ni pointi na mashindano, ambavyo vimeundwa ili mtu asiinuke, na mwanafunzi anayekabiliwa na mtihani wa Kidato cha Nne hana saa za kupoteza usiku. Hilo mwalimu mwenye msimamo anaweza kulidhibiti kwa kuweka muda. La pili ni gumu zaidi. Mpwa wangu alipomaliza mchemraba wake alipewa pointi, akanigeukia akaniuliza: "Mjomba, sasa seli hii inaona nini?" Jibu lilikuwapo, lakini kwa Kiingereza cha kitaalamu ambacho hata mwalimu wake alikisoma kwa shida.

Kwa hiyo nasimama na mwalimu wa kwanza, kwa sharti moja: michezo ya namna hii iingie skuli iwapo tu kila kipindi cha kubofya kinafuatiwa na kipindi cha kueleza, kwa Kiswahili, kilichogunduliwa kwa kazi ile. Bila ya hapo, yule wa pili yuko sahihi. Maelezo hayo yanaweza kuandikwa hapahapa, na walimu wa baiolojia wakishirikiana na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwani maneno mengi tunayo tayari. Ukurasa wa kwanza, kuhusu zile seli za nyota, nimeshauandika, na mpwa wangu ndiye anayenichorea mishale.