Ba'al: mume, au mwenye mali?

Kuna mahubiri ya harusi yananikera kweli, yale mchungaji anasimama anasema kwa Kiebrania mume ni ba'al, yaani mmiliki, kwa hiyo mke ni mali yake na mambo yameisha. Hayajaisha jamani.

Tusidanganyane lakini, neno lenyewe ni zito. Kitenzi chake kina kuoa na kina kutawala humohumo, na Kutoka 21 inamwita mume ba'al wa mke halafu mistari michache mbele mwenye ng'ombe naye ni ba'al wa ng'ombe, neno lilelile. Wanaosema halina ubwana wowote wanalipaka rangi tu. Na sisi Waswahili tushangae nini, mbona mke anasema "bwana wangu" na kanisani tunamwomba Bwana, na Waarabu nao wana ba'l, kwenye Kurani sura ya Hud mke wa Ibrahimu anamwita mumewe hivyohivyo.

Ila anayeishia hapo amesoma nusu. Yusufu nduguze walimwita ba'al wa ndoto, Biblia yetu imeandika "bwana ndoto", sasa Yusufu alizimiliki zile ndoto au zilimjia tu? Ndege wa Mhubiri 10:20 naye ni ba'al wa mabawa. Yaani mara nyingi ni "mwenye" tu, kama tunavyosema mwenye ndevu. Na ile "naye atakutawala" ya Mwanzo 3:16 wanayoibandika hapo ni kitenzi kingine kabisa, mashal.

Kinachonigusa mimi ni Hosea 2:16. Mungu, ambaye kama kuna mwenye haki ya kuitwa ba'al basi ni yeye, anaiambia Israeli kama mke wake "utaniita Ishi, wala hutaniita tena Baali". Ishi ni mume wangu, mwanamume wangu. Ndio, jina Baali lilishachafuliwa na mungu wa Wakanaani, mstari wa 17 unasema wazi, lakini majina ya enzi yalikuwepo mengi na yeye akachukua hili la mtu na mwenzie, ndilo lile la Mwanzo 2:23 pale Adamu anapomwona Hawa. Mungu ameliacha, wewe bwana harusi unaling'ang'ania la nini?

Israeli ya leo mume bado ni ba'al kwenye maongezi ya kila siku, ila wapo wanawake wanaolikataa, wao wanasema ishi.