Rey, mtoto wa nani?

Juzi usiku kijiweni kwetu Magomeni tulibishana mpaka muuza kahawa akakung'uta birika lake tupu, akapanga vikombe kwenye ndoo na kuondoka zake, akituacha tunapigiana kelele. Haikuwa Simba na Yanga. Ilikuwa Star Wars, zile filamu za vita vya angani. Fundi simu wa pale kona, rafiki yangu tangu tukivaa kaptula za shule, alikuwa ametamka kama hakimu kwamba sehemu ya nane ndiyo iliyoua ile hadithi, na kwamba anayeipenda hiyo hakuwahi kuipenda Star Wars tangu mwanzo.

Hilo la mwisho liliniuma. Kijiweni mwenye sauti kubwa ndiye anayemaliza sentensi, kwa hiyo naandika hapa yale niliyokatizwa kule. Msimamo wangu ni huu: kati ya zile filamu tatu mpya, bora ni ya nane, The Last Jedi ya mwaka 2017. Kilichoharibu mambo ni sehemu ya tisa kumtafutia babu Rey, yule msichana ambaye ndiye stelingi wa hizo tatu.

Mimi na fundi tuliijua Star Wars kwenye kibanda umiza kimoja Manzese, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mabenchi ya mbao, magunia madirishani kuzuia mwanga, televisheni moja, na deki iliyokuwa ikipata moto mpaka mwenye kibanda anaipepea kwa kipande cha boksi. Kiingilio shilingi 50. Siku nyingine kulikuwa na mtu wa kutafsiri, ameshika maiki, anatupa maneno ya Kiswahili juu ya Kiingereza kwa ule mtindo tuliouzoea kwa Lufufu. Luke Skywalker kwetu alikuwa stelingi, Darth Vader bosi wa maadui, na sheria ilijulikana: stelingi hafi. Hatukujua kwamba filamu ya kwanza ilitoka 1977, ya pili 1980 na ya tatu 1983. Tuliangalia mkanda uliopatikana siku hiyo. Vader alipomwambia Luke kuwa yeye ndiye baba yake, mzee mmoja nyuma yangu alisema "Lahaula!" na kibanda kizima kikanyamaza.

Kuna jambo la pembeni ambalo lazima niliseme, maana watu hudhani hadithi hii haituhusu. Katika ile ya 1983, ndani ya chombo cha anga cha Millennium Falcon, pembeni ya Lando, mmoja wa wenzake Luke, yuko rubani mwenye mashavu makubwa anaitwa Nien Nunb. Sauti yake ilitolewa na mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, na baadhi ya maneno yake ni Kikuyu kitupu. Vita ya mwisho inapamba moto, Himaya, utawala wa akina Vader, inataka kuanguka, na yeye anasema maneno ambayo Mkikuyu yeyote anayaelewa: nyote mlioko huko, njooni hapa. Ukisikiliza vizuri hata wewe Mswahili utalinasa lile "nyote" lake, maana Kibantu ni Kibantu. Mwaka 2015 Rotich aliitwa tena kumpa sauti rubani huyohuyo. Hadithi hii ina haki ya kubishaniwa Magomeni.

Mwaka 2012 kampuni ya Disney iliinunua Lucasfilm kwa zaidi ya dola bilioni 4, na ndipo zikaja hizi tatu: 2015, 2017 na 2019. Ya kwanza, The Force Awakens, iliingiza zaidi ya dola bilioni 2 duniani. Ya pili ikashuka hadi kama bilioni 1.3, na fundi huishika tarakimu hiyo kama rungu: "Unaona? Watu walikimbia!" Sawa, lakini ya tatu ilishuka zaidi, bilioni 1 na kidogo. Kama mizani ni hela, basi ile iliyotengenezwa ili kuwarudisha waliokimbia haikuwarudisha.

Tuliiangalia ya 2015 ukumbini, Mlimani City. Wengi husema ni marudio ya ile ya 1977: jangwa, roboti mdogo mwenye siri, silaha kubwa inayofuta sayari. Ni kweli, sibishi. Ila mimi nilinaswa dakika za mwanzo kabisa, na sikunasuka tena.

Msichana ananing'inia kwa kamba ndani ya mzoga wa meli ya kivita iliyoanguka mchangani. Anachomoa vipuri. Anavipeleka sokoni, anakaa chini na kuvisugua mpaka vinang'aa, kisha anavipanga mbele ya mnunuzi aliye nyuma ya dirisha. Mnunuzi anavitazama bila haraka, anakadiria anavyotaka yeye, anamsukumia robo posho. Pakiti moja. Msichana anaitazama ile pakiti, anaichukua, anaondoka. Nyumbani kwake ukutani kuna mistari mamia kwa mamia, kila mstari siku moja ya kuwasubiri wazazi.

Mimi na fundi tumeokota skrepa. Likizo za shule, kiroba begani, sumaku imefungwa kwenye kamba tunaikokota kwenye vumbi la viwanja vya ujenzi ili inase misumari. Vipande vya nondo tulivifuta udongo kwa sababu mnunuzi wetu alikuwa anasema uchafu hanunui. Alikuwa na mizani ya kuning'iniza, na kidole gumba chake kilijua pa kukaa. Unajua kabisa kiroba ni kilo tatu, anakwambia mbili na nusu, na wewe unapokea kwa sababu saa kumi kibanda kinaanza. Kwa hiyo nilipomwona Rey anapokea ile robo posho, nilimgeukia fundi gizani, naye alikuwa ameshanigeukia.

Mwaka mzima wa 2016 mji ulibishana swali moja: Rey ni mtoto wa nani? Wa Luke? Wa Obi-Wan, mwalimu wa Luke? Lazima awe wa mtu, watu walisema, maana Nguvu, ile inayowapa Jedi, mashujaa wa upanga wa mwanga, uwezo wao wa ajabu, iko kwake kama maji mtoni. Na sehemu ya nane ikajibu, kwa kinywa cha Kylo, adui yake: si wa mtu. Wazazi wake walikuwa wachuuzi wa vyuma chakavu, walimuuza kwa hela ya pombe, wamezikwa jangwani kwenye kaburi la masikini. Nguvu ilimjia yeye, kama alivyo.

Ukumbini kuna waliosonya. Mimi machozi yalinilenga, na nitasema kwa nini.

Uswahilini "wewe mtoto wa nani?" ni swali lenye upendo. Unamwamkia mzee shikamoo, anakutazama, anauliza, unajibu, naye anasema, "Ahaa, wa fundi cherehani! Kaa hapa, mwanangu." Swali hilo linakupa kiti. Lakini kuna siku, nimetoka kumaliza chuo, nilipeleka bahasha ya maombi ya kazi kwenye ofisi moja mjini. Yule mama wa mapokezi alisoma jina langu la ukoo, akauliza hilohilo: wewe mtoto wa nani? Nikamtaja baba. Akasubiri, kana kwamba kuna jina jingine linakuja. Halikuja. Bahasha ikaenda juu ya rundo, nami nikashuka ngazi. Kwa hiyo filamu kubwa kuliko zote ilipomweka msichana wa skrepa katikati na kusema hana jina la kutaja, na bado upanga wa mwanga umemwitikia, mimi niliisikia kwa masikio ya kijana aliyekuwa kwenye zile ngazi.

Tena angalia filamu hiyo inavyofunga. Mtoto mmoja wa bandani, kazi yake kuhudumia wanyama wa matajiri, ananyoosha mkono na fagio linamjia lenyewe. Anasimama nalo, anatazama nyota. Hatuambiwi ukoo wake. Hatuhitaji.

Hoja za fundi ni nzito, na sitaki kuzifanya nyepesi. Anasema kipande cha kasino kimelegea, nami nakubali, kingekatwa nusu. Hoja yake kubwa ni Luke. Huyu aliyekataa kumuua Vader, muuaji wa maelfu, kwa sababu ni baba yake, leo tunaonyeshwa amesimama usiku juu ya Ben, mtoto wa dada yake Leia, ndiye Kylo wa baadaye, mtoto amelala na upanga umewashwa? "Mjomba!" fundi alipiga benchi kwa kofi. "Mjomba ndiye wa kukimbilia ukigombana kwenu! Mjomba gani anamsimamia mpwa wake hivyo?"

Kijiwe kizima kilikuwa upande wake hapo, na najua kwa nini. Kwetu mjomba anasimama mahali pa mama. Hata mimi kiliniuma kipande kile. Lakini kiliwekwa ili kituume. Tukio lile tunasimuliwa mara tatu, kila mara tofauti, na ile ya mwisho, ya kweli, ni ya mtu aliyeingiwa na hofu kwa kitambo kifupi tu, kisha akabaki na aibu mbele ya macho ya mtoto aliyeamka. Kosa la mjomba ni kubwa kuliko la jirani kwa sababu ni mjomba. Ndiyo maana Luke alijificha kisiwani miaka yote ile. Na alipojitokeza mwishoni, alikwenda kumkabili mpwa wake, akamwomba radhi, akawapa wenzake muda wa kutoroka, na hakumwaga tone la damu. Alifanya hivyo kwa kivuli chake, mwili uko mbali kwenye jiwe, na juhudi ile ikammaliza. Katika filamu zote sijaona Jedi aliyekuwa Jedi kuliko hapo.

Sehemu ya tisa ikaja Desemba 2019 na kuanza kurudisha vitu nyuma. Ninajua mazingira yalikuwa magumu. Carrie Fisher, Leia wetu, alikuwa amefariki Desemba 2016, na filamu hiyo ilipangwa kumwegemea. Colin Trevorrow aliyepewa kuiongoza aliondoka 2017, J.J. Abrams akarudishwa. Mwongozaji mmoja anafungua, wa pili anageuza, wa kwanza anarudi kugeuza alichogeuza wa pili. Hadithi ya sehemu tatu haikuwa na makubaliano ya inakokwenda, na hilo ni kosa la wenye mali kabla halijawa la mwongozaji yeyote. Hata mtunzi wa tamthilia ya redio anajua mwisho wake kabla ya kurusha kipindi cha kwanza.

Lakini ugumu haukulazimisha Palpatine, mtawala wa Himaya aliyeuawa katika ile ya 1983, afufuke. Haukulazimisha awe babu wa Rey. Kumbe wazazi hawakumuuza kwa hela ya pombe, walimuuza ili kumficha. Kumbe Nguvu ni urithi wa damu. Fundi anashangilia: "Nilikwambia Kylo alimdanganya!" Mimi naona msichana wa skrepa amenyang'anywa kilicho chake kwa mizani ileile.

Na Finn je? Tangazo la kwanza kabisa, Novemba 2014, lilianza na uso wa John Boyega, anayemcheza Finn, ukichomoza jangwani, kijana wa London aliyezaliwa na wazazi Wanigeria. Kwenye picha za matangazo alishika upanga wa mwanga. Tukasema, haya, stelingi wa sura yetu. Askari aliyechukuliwa mtoto, akapewa namba badala ya jina, akakataa kuua wanakijiji. Kuna hadithi kubwa kuliko hiyo? Sehemu ya nane nayo haikumtendea haki, nalikiri, ilimtuma kwenye lile kasino. Ya tisa ikammaliza: anakaribia kuzama mchangani, anamwita Rey ana jambo la kumwambia, na filamu inaisha hajalisema. Mwaka 2020 Boyega alizungumza waziwazi kwamba haifai kumtangaza mhusika mweusi kama mtu mkubwa kisha kumsukuma kando. Juu ya hili hakuna ubishi kijiweni kwetu. Fundi na mimi tuko benchi moja.

Fundi alibakiza hoja moja, na ndiyo nzuri kuliko zote. Mwishoni Rey anajiita Skywalker. "Sasa hapo," akasema, kwa upole safari hii, "si amechukua jina la waliomlea? Mzazi si ndiye anayelea?" Yeye mwenyewe amelelewa na bibi mpangaji mwenzao, si damu yake, na jina analotumia ni la yule bibi. Sikumjibu haraka. Nilipojibu nilimwambia hivi: jina la mlezi ni zuri kuliko yote linapomfunika mtu asiyekuwa na jina, kama yeye. Wangemwacha Rey atoke kwa wachuuzi wa chuma, kisha achukue jina la Luke na Leia, ningesimama kupiga makofi. Walichofanya ni kumhamisha kutoka ukoo mkubwa kwenda ukoo mkubwa. Fundi alitikisa kichwa, akasema bado hakubali. Ndipo muuza kahawa alipoondoka.

Jumapili iliyofuata binti wa dada yangu, ana miaka tisa, alikuja kushinda kwangu, tukaiweka hiyo ya tisa. Mapema kwenye filamu, katika sayari ya jangwa penye sherehe, kiumbe mmoja anamuuliza Rey jina la ukoo wake, naye anajibu hana, yeye ni Rey tu. Mtoto alilipenda jibu hilo, akalirudia huku anatafuna kashata. Saa mbili baadaye, kwenye kipande cha mwisho, ajuza anapita na mnyama wake, anamuuliza Rey: Rey wa nani? Mtoto akaiwahi televisheni. "Rey tu!" akapaza sauti.

Televisheni ikasema jina jingine. Akanigeukia.

"Mjomba, si alisema Rey tu?"

Nikamwambia ndiyo, alisema.