Shusha Taa, Bwana Mkubwa!

Mchana mimi ni dereva kama madereva wengine. Napita, napitwa, natukanwa, naendelea. Jua likishazama nageuka sungura. Sungura aliyemulikwa kurunzi na mwindaji: masikio wima, macho yamenitoka, mbele siendi na nyuma sirudi. Na mwindaji mwenyewe ni lori.

Huanza hivi. Kule mbali, nyuma ya kilima, unaona kunapambazuka. Unatazama saa: saa tatu usiku. Unajiuliza, alfajiri ya leo imekosea njia? Mara alfajiri inapanda kilima na kugeuka jua, jua linajigawa majua mawili, na juu yake kuna mengine manne ambayo mwenye lori ameyafunga mwenyewe, maana yale ya kiwandani aliona hayamtoshi. Pembeni kaweka vitaa vya rangi vinakimbizana. Hujui kama linakuja gari au linakuja duka.

Basi namwashia taa. Mara moja, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Kimya. Naipiga ya pili. Kimya. Naipiga ya tatu, hii sasa ni hodi ya mwenye nyumba anayedai kodi, na hapo ndipo ananijibu. Kumbe zile zilikuwa dimu! Muda wote ule alikuwa amenihurumia. Sasa ndiyo ananionyesha fulu ilivyo, na mimi ndani ya gari naona mpaka vumbi lililojificha kwenye matundu ya redio, naona mifupa ya vidole vyangu kwenye usukani. Kitu pekee nisichokiona ni barabara.

Na gari halisimami kukusubiri upate macho. Mimi najua hesabu hii kwa sababu niliipiga usiku mmoja nilipokosa usingizi kwa hasira. Ukienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde inakupeleka mita 22. Lori likishapita, ukabaki sekunde tano unaona madoa ya zambarau yanaelea kama samaki, umetembea mita 110. Uwanja wa mpira wa kawaida una urefu wa mita 105. Yaani mimi nimetoka goli hadi goli nikiwa kipofu, nikavuka na mstari, nikaendelea hadi kwa watazamaji. Mchezaji gani mwingine anafanya hivyo halafu hapigiwi makofi?

Jicho lenyewe nalo halinisaidii. Mboni husinyaa upesi sana mwanga ukija, lakini kutanuka tena inajivuta kama mtumishi aliyeitwa wakati wa mapumziko. Na jicho ili lizoee giza kabisa kabisa linataka kama dakika 30. Sasa nenda kamwambie wa lori la pili asubiri dakika 30.

Lakini mateso yangu hayakamiliki bila shemeji. Huyu ni kaka wa mke wangu. Hana gari, hana leseni, hana hata baiskeli, na ndiye mwalimu wangu wa udereva. Anakaa mbele, anafunga mkanda, anafumba macho, na kutoka humo humo gizani anafundisha.

"Shem, usiitazame taa."

"Nitazame nini?"

"Tazama mstari mweupe wa pembeni, ule wa upande wako. Ufuate huo mpaka apite. Na punguza mwendo."

Ushauri mzuri, sikatai. Na ndiyo unaoniudhi zaidi, kwamba mzuri na umetoka kwa mtu anayekoroma. Tatizo ni mstari. Kuna barabara mstari wake umeliwa na matairi na mvua, umebaki kumbukumbu. Hapo unafuata imani.

Siku nyingine akaniletea miwani ya njano. Eti ya kuendeshea usiku, inakata mwanga. Nikaivaa. Dunia yote ikawa na homa ya manjano. Lori likaja, mwanga ukapungua kidogo, nikafurahi, nikamgeukia shemeji nimshukuru. Kurudisha macho barabarani, mwendesha baiskeli! Miwani ni kichungi, nayo haina ubaguzi: inakata taa ya lori, na ule mwanga mdogo ambao ungekuonyesha mtu aliyevaa nguo nyeusi inaukata vilevile. Sasa miwani anavaa shemeji, akiwa amefumba macho.

Halafu watu wanasema, "Mbona zamani tulikuwa tunaendesha usiku na hatulalamiki?" Zamani taa zilikuwa na haya! Balbu ya helojeni ilitoa mwanga wa umanjano, kama mtu anayeongea kwa sauti ya chini. Hizi za LED za sasa zina weupe unaoelekea ubuluu, na zinatoka kwenye kijidude kidogo kama punje, kwa hiyo mwanga wote unakuja umebanwa, unachoma kama sindano. Ingekuwa ni hizo tu za kiwandani ningevumilia, maana kuna mtu alikaa akazipangia pa kumulika. Ninayemtafuta mimi ni yule anayechomoa balbu ya helojeni na kuchomeka LED kwenye kikombe kilekile cha zamani, kile kinachong'aa nyuma ya balbu na kurusha mwanga mbele. Kile kikombe kilichongwa kwa ajili ya uzi wa balbu unaokaa mahali pamoja maalumu. Ukibadilisha chanzo, kikombe hakijui tena cha kufanya, kinamwaga mwanga huku na huku kama mlevi aliyepewa ndoo ya maji. Yeye mwenyewe anaona zinamulika vizuri. Kweli zinamulika, zinanimulika mimi.

Na kuna suala la urefu. Wahandisi wa barabara, wanapopiga mahesabu yao, huliweka jicho la dereva wa gari dogo kama sentimita 108 kutoka chini. Sasa sheria ya Marekani inaruhusu taa ya mbele ikae hadi inchi 54 juu, ambazo ni kama sentimita 137. Fanya hesabu hiyo taratibu. Ina maana mtu anaweza kuwa na taa zilizofungwa kihalali, zimepimwa, zina baraka zote, na bado zimekaa juu ya paji la uso wangu! Hata akishusha dimu, ananishushia kichwani. Akinifuata nyuma ndiyo basi tena. Kioo cha ndani kina kile kilimi cha kubonyeza, unakigeuza, lori linabaki kivuli cha mbali. Vioo vya pembeni vya gari langu havina kilimi. Naendesha nimeinamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayesikiliza.

Kinachonikera kuliko vyote ni kwamba dawa ilishafikiriwa zamani. Mmarekani mmoja, Edwin Land, aliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1929 kwa ajili ya karatasi angavu inayochuja mwanga na kupitisha ule tu unaotetema kwa mwelekeo mmoja. Moja ya shida alizotaka kuzitibu ni hii hii yangu. Wazo lilikuwa hivi: funika taa za magari yote kwa kichujio kilicholala mshazari, na kingine kama hicho uweke mbele ya dereva. Taa zako unaziona. Za anayekuja, kwa kuwa ameelekea kinyume, mshazari wake unapingana na wako na zinafifia. Safi kabisa. Watengenezaji wa magari wakakuna vichwa: kichujio kinakula zaidi ya nusu ya mwanga, kwa hiyo taa ziongezwe nguvu, na tena lazima kila gari liwe nacho, la sivyo hakuna faida. Basi haikuwezekana. Karatasi ile ikaenda kutengenezewa miwani ya jua. Yaani leo anayefaidi ni mtu aliyelala ufukweni mchana, na mimi wa usiku nimeachiwa shemeji.

Mwaka 1952 kampuni ya magari ya General Motors nayo ilitoa jicho la umeme, Autronic Eye, linakaa juu ya dashibodi, likiona gari mbele linashusha taa lenyewe. 1952! Jirani yangu ana gari la kisasa linalofanya hivyohivyo kwa kamera. Nililipanda. Linashusha taa kwa kila kitu: likiona kibao cha kona kinang'aa, linakishushia taa kwa heshima zote. Nilitamani kuwa kibao.

Sasa ngoja niseme jambo ambalo sijamwambia mke wangu. Nilipeleka gari kwa fundi, na sikumpelekea taa, nilimpelekea breki. Alipomaliza akalisimamisha mbele ya ukuta, akawasha taa, akanyamaza. Akaita wenzake. Wakaja wanne, wakasimama wanatazama ukuta kama watu walioletewa sinema.

"Mzee," akasema, "hizi taa zako zinatafuta popo."

Balbu ya upande mmoja ilikuwa imewekwa kichwa chini miguu juu. Na ni nani aliyeiweka? Tuliache hilo, aliyeiweka alikuwa na haraka na alikuwa mimi. Kisha akanionyesha kigurudumu kidogo karibu na usukani, kimeandikwa 0, 1, 2, 3. Miaka yote nilijua ni cha kupunguza mwanga wa dashibodi, na nilikuwa nakilaumu kwamba kimeharibika. Kumbe ni cha kuinamisha taa ukipakia mzigo. Ukijaza buti, mkia unashuka, pua inapanda, taa zinamulika mbinguni. Na mimi huwa nasafiri na mizigo ya mke wangu, pamoja na ya kaka yake. Nyani haoni kundule, lakini madereva wote wa njia ile walikuwa wanaliona la kwangu, tena limewashwa.

Akamalizia kwa kupitisha kitambaa cheupe kwenye kioo cha mbele, upande wa ndani. Kikatoka cheusi. Ule utando wa mafuta na vumbi ndio unaoutandaza mwanga kioo kizima. Kwa hiyo yale majua sita niliyokuwa nayahesabu, mengine nilikuwa nayazaa mwenyewe. Nikamlipa nikaondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata tukawa njiani usiku, taa zimenyooshwa, kioo kinang'aa, kigurudumu kiko kwenye 2 kwa ajili ya mizigo. Barabara ilikuwa tupu. Mara kule mbali lori. Nikajikunyata kama kawaida. Lakini hili, wallahi, likiwa bado mbali kabisa, likashusha taa! Bila kuombwa! Mwanga ukakaa chini kwenye lami, mpole, unaongea kwa sauti ya chini. Nikamwamsha shemeji aje awe shahidi. Tukalitazama kama watu wanaotazama mwezi umepatwa.

"Huyu kalelewa," nikasema. "Huyu mama yake alifanya kazi."

Lori likapepesa taa mara moja. Nikampungia mkono, nikijua hanioni, lakini moyo ulikuwa umejaa. Likapepesa mara ya pili.

"Umeona? Anatusalimia tena!"

Shemeji akavua miwani yake ya njano, akainama kwenye dashibodi, akatazama kwa muda.

"Shem," akasema, "hiki kitaa cha buluu hapa mbele yako, kinachowaka muda wote tangu tulipotoka, ni cha nini?"

Sijawahi kumjibu, kwa sababu hapo hapo kukapambazuka.