Juisi ya unga iondoke kwenye sherehe zetu

Kamati za sherehe hapa Mwanza zikikaa, bajeti ya vinywaji haibadiliki: kreti za soda, katoni za maji, na ndoo ya juisi ya unga yenye rangi kali. Hiyo ya tatu naipinga kwa moyo wote. Machungwa yamejaa sokoni, na ndimu tunazikamulia sato kila siku. Kwa nini mgeni wa harusi anyweshwe rangi?

Wengine huyakwepa machungwa yetu kwa sababu ni ya kijani, wakidhani hayajaiva. Ganda hupoteza ukijani usiku ukiwa na baridi ya kutosha, na joto la huku halina baridi hiyo. Tunda huiva ndani likiwa kijani vilevile. Lipime mkononi: likiwa zito, lina maji.

Mtazame muuza machungwa wa mkokoteni pale Kirumba. Kisu kinazunguka, ganda la juu linashuka kama utepe mrefu, chungwa linabaki jeupe, linakatwa, unapewa na chumvi ya pilipili. Ile harufu nzuri inayokupiga puani imo kwenye ganda linalotupwa! Lina vifuko vidogo vya mafuta. Likunje karibu na mshumaa, mafuta yataruka na kuwaka cheche. Mafuta hayo ndiyo nayataka kwenye jagi. Osha machungwa vizuri, menya ganda la juu tu, changanya na sukari, ponda kidogo kwa mchi, funika usiku kucha. Asubuhi sukari imelowa na inanukia. Ongeza juisi, maji baridi na tangawizi, kisha chuja.

Jamani, tusisage chungwa zima kwenye blenda. Mbegu na ile nyama nyeupe huleta uchungu, na uchungu huzidi kadiri juisi inavyokaa. Iliyosagwa asubuhi, maharusi wakiingia ukumbini usiku haifai tena. Tukamue kwa mkono, karibu na saa ya kunywa.

Balungi nalo linapendeza sana likichanganywa na maji ya soda, lakini huingiliana na baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli, ambazo wazee wetu wengi wanazimeza. Jagi lake likae peke yake, na anayemimina amwambie mzee ni balungi kabla hajampa glasi.