Poda ndani ya mafuta ya mashine ya cheche si uchafu

Kila anayejifunza kuchonga metali kwa cheche za umeme huambiwa mapema: mafuta yawe safi, chujio lisizibe. Ndiyo maana anapoambiwa atie poda makusudi, gramu chache kwa kila lita, huona anaharibiwa kazi. Wanaokataa nawaelewa. Poda hutuama chini ya tangi, chujio la kawaida huinasa yote, kwa hiyo panahitajika tangi la pembeni na pampu ya kuizungusha. Ikizidi, chembe hujipanga mwanyani, yaani kwenye nafasi ndogo kati ya elektrodi inayorusha cheche na kipande kinachochongwa, na kuleta shoti.

Lakini wengi hupima hoja hizo kwa chuma cha kawaida, na titani haifanani nacho. Aloi yake inayotumika zaidi, yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, hupitisha joto kiasi cha wati 7 hivi kwa mita kwa kelvini. Shaba safi hufika karibu 400. Hapo ndipo penye shida yote. Cheche ikipiga, joto halina pa kukimbilia, linabaki palepale. Metali iliyoyeyuka bila kusukumwa nje hugandia juu ya kipande kama gamba, nalo likipoa ghafla hujivuta na kupasuka nyufa ndogondogo. Isitoshe, mafuta yana kaboni, na titani ya moto huinyakua ikawa kabidi, ngumu lakini rahisi kuvunjika. Kipande kinachotikiswa mara mamilioni, kama pangaboi la injini ya ndege, kinaweza kuanza kukatika kwenye ufa wa namna hiyo.

Chembe zinazopitisha umeme, za grafiti au alumini kwa mfano, huyapunguzia mafuta uwezo wa kuzuia umeme. Mwanya hupanuka, taka hutoka kwa urahisi, na nguvu iliyokuwa ikipiga doa moja hutawanyika. Vishimo vinavyoachwa na cheche huwa vya kina kifupi, na gamba linaweza kuwa jembamba zaidi.

Hoja nzito ya upande wa pili ni hii: ikiwa gamba litaondolewa kwa asidi hata hivyo, unene wake una maana gani? Kwenye uso ulio wazi, pengine ndogo. Ndani ya tundu jembamba ni kubwa, kwa sababu mng'arisho haufiki huko, na titani ikikaa sana kwenye asidi huweza kunyonya hidrojeni ikapoteza ushupavu wake.

Poda nayo huacha masalia kwenye uso. Kwa vipandikizi vya mfupa, hilo laweza kuwa ndilo lengo lenyewe, kama inapotumika haidroksiapatiti, madini ya kalsiamu na fosfati yanayofanana na yale ya mfupa. Kwa sehemu za ndege ni swali linalodai uthibitisho. Kinachonisikitisha ni kuona poda ikihukumiwa kwa kasi ya kuchonga na kulika kwa elektrodi tu. Sampuli ikatwe, ing'arishwe, gamba lipimwe kwa hadubini, kabla fundi hajairudisha poda koponi.